Chupa ya Bibi Haykanush

Bibi yangu Haykanush haamini makanisa.
Alifundisha jiolojia miaka thelathini na miwili,
enzi zile mbingu ilipopigwa marufuku,
na hata ilipofunguliwa tena
hakuona haja ya kuchungulia.
Lakini juzi, ini likimtafuna polepole,
alinikabidhi chupa tupu ya soda:
"Nenda Geghard. Ndani ya mwamba mna chemchemi.
Maji ni maji tu. Niletee."

Basi nikaenda.

Lada ya Vardges ilikohoa kila kona,
bonde la Azat likazidi kujikunja, kujikunja,
hadi barabara ikakosa pa kwenda.
Hapo genge limesimama wima,
na chini yake monasteri imejibana ubavuni
kama mtoto nyuma ya sketi ya mama:
rangi ileile, ukali uleule.
Ukikodoa mbali waweza kuikosa.

Langoni wanawake wanauza mikate mitamu,
mipana kama usukani wa lori.
Zaruhi, mwenye skafu iliyotobolewa na cheche,
alinimegea kipande kabla sijauliza bei.
"Kula kwanza. Njaa haijui kuomba."

Kijana mmoja alimzungusha kondoo kanisani mara tatu.
Kondoo amelishwa chumvi, ana utepe mwekundu shingoni,
anatembea kwa adabu ya mgeni
asiyejua kwamba karamu ni yeye.

Kuna vishimo juu, genge limetoboka.
Tupa kokoto, wasema, likikaa umepata ulichoomba.
La kwanza lilirudi.
La pili lilikaa kidogo, likafikiri,
nalo likarudi.
La tatu sikulitupa. Nilililia mfukoni,
kwa maana nyingine sikulilia.

Ndani, giza lilinishika mkono.
Hapa hakuna jiwe lililobebwa.
Waashi walianza juu, wakatoboa tundu la mwanga,
wakashuka nalo, patasi kwa patasi,
kuba, kisha nguzo, kisha sakafu mwisho.
Wengine hujenga kwa kuongeza;
hawa walijenga kwa kupunguza.
Nikamfikiria Bibi, pete yake inavyopwaya,
mashavu yalivyobonyea, kitanda kilivyozidi kuwa kipana,
nikajiuliza ni nani aliye juu yake na patasi,
na anatafuta chumba gani.

Maji yanatoka ufani bila kelele.
Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mwanamume
mwenye nywele za kijeshi,
mkono wa kulia wa shati umekunjwa, umefungwa pini.
Alinawa uso kwa kushoto. Muda mrefu.
Kisha akanishikia chupa nikinge,
tukiangalia viputo vikipanda,
wala hakuna aliyemuuliza mwenzake
amemletea nani.

Njiani kurudi Vardges hakuwasha redio.

Bibi aliipokea chupa, akaipeleka dirishani,
akaitikisa kama anayetafuta kosa la mwanafunzi.
"Kalisi nyingi," akasema.
Akamimina yote kwenye birika,
akaweka jikoni.
Nilitaka kupiga kelele. Kilomita arobaini!
Chai ilikuwa chai.

Ndipo nikakumbuka lile kokoto, nikampa.
Aligeuza upande huu, upande huu,
akalisugua kwa kidole gumba,
kisha akafanya alichokuwa akikifanya milimani
ujana wake, nyundo kiunoni, wanafunzi nyuma wakicheka,
maana jiwe kavu huficha, jiwe bichi husema:
alilitia ulimini.

Akafumba macho.
Birika likapiga mluzi, likaacha.
Sikumuuliza ni jiwe gani.
Alikuwa bado anasikiliza.