Hapa Pazunguke

Fundi rangi kafika saa moja, Keko Machungwa,
na ndoo mbili za rangi ya maziwa na ngazi yenye kigugumizi.
Mwenye nyumba ameagiza kuta zote zipakwe
kabla hajapandisha kodi.
Wewe na Hiba mko Lindi, msibani, siku ya tisa.

Nikavuta kochi. Chini yake:
kitana ulichomsingizia mtoto wa jirani,
kandambili ya mguu wa kushoto,
kikombe chenye chai ya Ramadhani, imeota manyoya,
na maganda ya mbegu za maboga, mengi,
kana kwamba nafuga ndege nisiyemjua.

Ukipenda boga, penda na ua lake,
walituasa siku ya ndoa.
Hawakunitajia mbegu kwenye shuka.

Mimi mtu wa duka la dawa, Mwamvita.
Vidonge vyangu vimesimama kwa herufi na kwa tarehe,
mteja akipiga chafya nafuta kaunta.
Mwaka wa kwanza nilikufuata nyumba nzima
nikifunga vifuniko: mafuta, kahawa, dawa ya meno.
Mdomo wako, huo ulinishinda.

Dada yangu wa Kibaha alilala siku mbili, akasema,
"Mkeo anaishi kama mtu anayehama."
Nilicheka naye.
Hilo nakiri hapa, kwenye karatasi. Usilisome kwa sauti.

Siku hizi tisa nyumba imetulia.
Mkasi uko palipo mkasi.
Taulo limekauka, limekunjwa mara nne.
Usiku joto linanitoa kitandani, naenda jikoni gizani,
sijikwai na kitu,
na kidole kinaniuma kwa kutojikwaa.

Sasa Mbwiga ameufikia ukuta wa mita.
Brashi imesimama hewani, inadondoka.
"Bosi, na haya maandishi?"

Ni wanja wako.
Namba za luku, tarakimu ishirini ishirini,
ulizoandika umeme umekatika, tochi ya simu mdomoni,
saba yako pacha wa moja,
tukakosea mara tatu, tukalala na mshumaa.
Na katikati ya namba:

*Mama Siwema, mkaa, elfu tatu.*
*Jino la Hiba limetoka. Alhamisi.*
*Maji nusu ndoo. Usioge, nisubiri.*

Na chini kabisa, palipokuwa pamefichwa na kochi,
mstari ambao sijawahi kuuona:
*Leo tena kapanga viatu vyangu kama vya dukani.*
*Ee Mola, nipe subira na mume huyu.*

Nilikaa sakafuni.
Kumbe na mimi nabebwa.
Kumbe na wewe ulikuwa unajikwaa,
kwenye unyoofu wangu.

"Hapa pazunguke," nikamwambia Mbwiga.
Akanitazama kama mtu mwenye homa,
akachora mpaka mweupe kulizunguka wanja lako,
akashuka ngazi.
Mwenye nyumba atauliza. Sijui nitamjibu nini.

Lakini kile kikombe nimekiosha, Mwamvita.
Mapenzi yana mwisho wake,
na yale manyoya yalikuwa yameanza kunitazama.