Usipokee

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Langalanga, Nakuru,
kabla muuza maziwa hajagonga lango,
simu yangu hulia mara moja, ikanyamaza.
Ni Rispa Awino, namba ishirini na mbili,
yuko Kisumu, Nyalenda, bado kitandani,
ananiambia bila neno: nimeamka.
Sipokei. Kupokea ni kumwibia.
Namimi nambipu Loisi Chelang'at, ishirini na sita,
kwa kuwa ishirini na tatu ndiyo mimi,
ishirini na nne tulimzika Lugari mwaka ule wa mvua nyingi,
na ishirini na tano alivuka mpaka pale Busia
na mwanamume mwenye baiskeli ya gia. Basi.

Hivyo ndivyo tunavyoita rejesta.
Tulikuwa thelathini na mmoja, kidato cha nne, sitini na nane,
sketi za kijani zilizopauka kwa maji ya mto Yala.
Sasa tu saba,
na mlio unatoka Keroka kwa Dorka, unapita kwetu,
Kapsabet, Webuye, Mumias,
hadi kwa Serfina Khasoa huko Butere,
anayemrudishia Dorka ajue hesabu imetimia.

Jumapili ndiyo siku ya kuongea, kwa vocha za wajukuu,
na tunachofanya ni kugombana.
Yunia anakumbuka jinsi karabai ya bwenini ilivyokohoa
lakini mwalimu wa hesabu, aliyempiga rula miaka minne,
hamkumbuki hata jina.
Serfina anashikilia kwamba kuku wa askofu
alikuwa bata.
Bata! Dorka karibu akate simu.

Kuku, basi, alipikiwa askofu
aliyekuja kubariki tangi la maji.
Bakuli lilipofunuliwa, lilikuwa na mchuzi.
Rispa ndiye aliyekuwa na zamu jikoni. Hakulia.
Alifyeka nyasi za uwanja wiki mbili,
viganja vikavimba kama maandazi,
na jioni nilimshikia ndoo ya maji ya chumvi
atumbukize mikono, nikisema pole.
Pole. Kineno kidogo, lakini mtu mzima
hujificha humo miaka hamsini na saba.

Jumanne hii simu haikulia.
Robo ikapita. Muuza maziwa alikuja nikamlipa mara mbili.
Saa moja. Saa mbili.
Nikatoa leso nyeusi kabatini,
nikairudisha haraka, nisionekane ninamharakisha mtu.
Saa tatu Loisi akapiga, simu kamili, ya pesa:
"Ishirini na tatu, upo?"
Nipo, nikasema, ni aliye kabla yangu.
Akanyamaza. Hakukata.

Saa saba na dakika nne, Rispa kwenye kioo.
Ikalia mara moja. Nikavunja sheria.
"Mbona unapokea, mwizi wewe!"
Stima imepotea tangu jana usiku, betri ikafa,
ndiyo sasa amefika kwa kinyozi mwenye jenereta,
na kijana anadai shilingi ishirini za chaji, fikiria, ishirini...
"Rispa," nikamkatiza, "kuku ni mimi.
Mapaja yote mawili na kifua. Nyuma ya tangi."

Nikasikia mashine ya kunyoa ikinguruma,
na pesa yake ikitembea.

"Drusila," akasema, "ulilala kitanda cha juu yangu.
Ulinuka vitunguu hadi alfajiri."
"Na hukusema?"
"Ningesema, nani angeniletea ndoo?"
Kisha, kwa sauti ya zamu ya jikoni:
"Kesho, na robo. Na usipokee."

Nikambipu Loisi, rejesta ya mchana.
Hakupokea.