Kurasa Kumi na Sita

Bi Kabasinguzi alikuja Nasser Road mvua ikinyesha,
muswada ndani ya mfuko wa sukari,
mfuko kaukumbatia kama mtoto mwenye homa.
Aliuliza empaako yangu kabla ya kuuliza bei.
Atwooki, nikasema.
Akacheka: basi wewe ni wa kwetu,
mimi Akiiki, na humu ndani mna chai.

Mimi si msomaji. Mimi ni mshona vitabu.
Karatasi hunijia zimekunjwa,
kurasa kumi na sita kila kunjo;
natoboa, napitisha uzi, nakaza.
Riwaya nyingi zimepita mikononi mwangu
nami nazijua kwa migongo tu.

Lakini yule mama alipenda kusimama nyuma ya mtu.
Mimi nashona, yeye anasoma kwa sauti:
karani wa mizani, shamba la chai chini ya Rwenzori,
anakata kilo mbili kila kikapu,
moja ya umande, moja ya kikapu chenyewe,
hata kiangazi, hata kikapu kikiwa gunia.

"Sitaki kiwanda kichomwe," akasema.
"Sare yangu ya shule ilitoka kwenye majani yale.
Mtaji si shetani, Atwooki, ni ng'ombe.
Mimi nauliza tu nani anashika kibuyu
na nani, miaka yote hii, anashika mkia.
Nipe mizani yenye uso pande mbili,
karani aone, na mchumaji aone.
Nianzie hapo."

Kitabu kitauzwa ngapi? nikamwuliza.
Elfu arobaini.
Na mchumaji hulipwa ngapi kwa kilo?
Hakujibu. Jibu alikwisha kuliandika, sura ya tatu.
Mimi napata mia mbili kwa kila mgongo, nikasema,
wala si kwa ubaya; uzi ulikuwa umekatika
na mdomo ukabaki bila kazi.

Akaingia kwa bosi. Ukuta wa mbao hauna siri.
"Waongeze nusu, wote, huyu awe mia tatu."
Bwana Kiyimba si mtu mbaya:
ana pango la kulipa, ana mashine ya mkopo
inayokula hata ikiwa imelala.
Nilisikia kikokotoo kikibonyezwa.
"Fedha zako ni zilezile, mama.
Ukiwaongeza hawa, vitabu elfu vinakuwa mia nane."

Kimya. Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma.

"Mia nane," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Usiku nikapiga hesabu juu ya boksi la gundi.
Nimezidishiwa elfu arobaini.
Bei ya kitabu kimoja.
Na wasomaji mia mbili wamekatwa, kama umande.

Sikukinunua. Nilinunua godoro la mtoto.
Ila nakala moja ilinipotea sindanoni,
sura ya mizani nikaishona kichwa chini.
Ulikuwa usingizi, nadhani.
Kitabu kibovu huenda kwenye kisu;
hiki kilienda chini ya shati langu,
kisha kwa basi la alfajiri, hadi kwa shangazi Abwooli,
miaka thelathini mchumaji, vidole vyeusi kwa utomvu.

Jumapili akanipigia.
"Atwooki, kitabu chako kimelewa.
Nimefika katikati, maneno yamesimama kwa kichwa!"
Kigeuze basi, shangazi.
"Nikigeuze kwa nini?
Nilikishika hivyohivyo mapajani,
na mwenye kukaa mbele yangu akasoma.
Alikuja na wenzake.
Sasa wananiuliza huyo mwandishi
alijuaje habari za kilo mbili,
na kama kuna mahali ameandika
jina la karani."