Gorogoro

Juu ya mashine ya kusaga ya Asava, pale Luanda,
meza yangu hutetemeka tangu saa mbili asubuhi
na unga hupenya sakafuni, ukatua kwenye kibodi.
Hapa ndipo ninapokarabati maktaba.
Si ya vitabu. Ni maktaba sanifu,
ghala la amri ambazo lugha ya kompyuta huzaliwa nazo.
Kila mwandishi wa programu huzikuta mlangoni,
wala haulizi nani alizichonga.

Tulizichonga wengi, usiku mbalimbali.
Ndiyo maana *kata* huhesabu kuanzia sifuri
na *gawa*, dada yake wa tumbo moja, huanzia moja.
*Tafuta* isipoona kitu hunyamaza.
*Chagua* isipoona kitu hupiga mayowe
na kuiangusha programu nzima.
*Panga* hutaka orodha kwanza, kigezo baadaye;
*chuja* hudai kigezo kwanza, kama mgeni
anayeomba chai kabla ya kubisha hodi.

Mwalimu Ombayi alivunja chaki ngapi juu yetu:
kitabu changu, si kitabu yangu!
Tukitoka nje, kitabu yangu, kiti yangu,
kichwa yangu inauma, na tulielewana,
na mwenye kichwa alipewa dawa.
Kompyuta haina masikio ya jirani.

Mwezi wa tatu niliigusa *kadiria*,
ile inayokupa nambari nzima iliyo karibu.
Kwa miaka tisa nusu ilikuwa ikianguka:
mbili na nusu ikawa mbili, saba na nusu ikawa saba.
Nilibadilisha alama moja.
Moja.
Majaribio elfu mbili na mia tatu yakapita, yote kijani,
nikashuka kununua mandazi nikijihisi mtu.

Kisha ujumbe wa Kundu, karani wa mizani ya miwa
huko upande wa Navakholo:
*Dada, nusu zenu nilizijua zamani.
Kila penye nusu, programu yangu huongeza kilo moja.
Tangu Jumatatu mbili na nusu imekuwa nne.
Wakulima wanacheka. Meneja hacheki.*

Nilisoma nikamwona mama sokoni
na gorogoro yake, kitako kimebonyea kwa ndani.
Wateja walijua. Naye alijua kwamba wanajua,
basi kila kipimo alikitupia konzi moja juu,
na hesabu ikakaa sawa bila mtu kuitaja.
Hadi siku watu wa vipimo walipokuja na muhuri wao,
wakachukua mkebe, akanunua mpya, kitako bapa.
Mkono haukuambiwa.
Ukaendelea kutupa konzi, msimu mzima wa maharagwe,
na muhula wa pili nikarudishwa nyumbani kwa ada
huku mama akihesabu pesa mara tatu kitandani,
akitafuta mwizi.

Basi nimeirudisha *kadiria* na ubovu wake.
Kando yake nimeweka nyingine, jina jipya, kitako bapa,
na juu ya ile kuukuu nimeandika:
Hapa nusu huanguka. Tunajua.
Toleo la tano haitakuwepo. Anza kuhama.
Wenzangu wawili wameniita mwoga.
Huenda. Jina zuri nililitaka kwa iliyo sahihi,
sasa iliyo sahihi inaitwa *kadiria_sawa*,
kama mtoto wa pili aliyepewa jina la marehemu
na herufi kadhaa za kumtofautisha.

Nikamwandikia Kundu: punguza konzi yako polepole,
mstari kwa mstari, usiku ambao hakuna trekta.
Alijibu siku ya nne:
*Sawa. Na ile ya tarehe,
ambayo Januari ni mwezi wa sifuri,
mtaigusa lini? Nijiandae.*

Sijamjibu.
Stima imepotea, mashine ya Asava imenyamaza,
kina mama wanalalamika foleni kule chini.
Ninapangusa unga kwenye herufi ya S.