Matundu Manne Kwenye Omo

Boti ya kaka yangu haikuwahi kuwa na tundu.
Miaka thelathini na minane ya alumini,
imekwaruzwa na mawe ya Ziwa Torvik, imesukwasukwa na barafu ya Aprili,
imebonyea ubavuni pale Verlyn alipoigongesha gatini
wiki aliyooa.
Lakini tundu, hapana.
Na leo nimepiga magoti mbele yake, keekee mkononi,
nikienda kinyume cha yote niliyofundishwa kuhusu vyombo.

Daktari wa Duluth alimwambia bega limekwisha,
makasia basi.
Verlyn akaitikia kama anavyoitikia mahubiri,
kisha akarudi nyumbani kuyapaka makasia vanishi.

Mota nimeinunua kwa mjane wa Halvor Tveit,
dola mia na arobaini, na mtungi wa matango ya siki juu yake.
Ina pedali ya mguu,
na rafadha iliyolika kingo kama kisu cha jikoni.

Omo ya boti hii imepinda kama kijiko,
na mota yataka pa kukaa palipo sawa.
Nikapata ubao wa benchi la kanisa
walilolifunga mwaka juzi, wakanadi viti.
Mwaloni. Nambari kumi na saba bado inasomeka.
Verlyn alisinzia juu ya ubao huu utoto wake wote.

Tundu la kwanza, alumini ililia.
Ukishalitoboa hilo, matatu yaliyobaki huna budi.
Silikoni, washa, boliti, nati.
Kaza robo, pumzika, kaza robo.
Betri nikaipeleka tezi, maana omo ikilemewa
boti huinamisha pua kama ng'ombe anywaye.
Nyekundu kwa nyekundu. Nikahakiki mara tatu.

"Inavuta," nikamwambia. "Haisukumi."
Hakujibu. Akaingia, na makasia akaingia nayo.

Haikunguruma; ilisikika kama friji ya chumba cha pili.
Omo ikatangulia nasi tukafuata.
Mguu wake ukajifunza: kidole kulia, kisigino kushoto.
Mikono ikakaa mapajani bila kazi,
mikubwa kuliko nilivyoikumbuka.

Alipokuwa akipiga makasia tulitazamana,
yeye kiti cha kati, mimi tezi, magoti yakikaribia kugusana.
Hilo sikulipigia hesabu nilipokuwa nikipima waya.
Sasa anatazama aendako,
nami nimebaki na kisogo chake, na kofia.

Sangara wa manjano sita.
Halafu akashindana na upepo wa kaskazini, kwa raha zake tu,
nusu saa nzima,
mpaka rafadha ikalegea, ikanyamaza.

Tulikaa.
"Betri," akasema.
"Betri," nikasema.
Akainuka, akanipisha, akaenda kukaa tezi.
Hajawahi kuniachia makasia,
hata nilipokuwa na miaka tisa nikilia gatini.
Nikaizungusha boti duara moja kamili, kisha la pili.
"Unavuta upande mmoja kama mama," akasema,
akanitazama usoni, akacheka mpaka akalishika bega.

Tulipokaribia nchi kavu akaangalia chini.
Maji yalikuwa yametambaa toka omo hadi viatuni mwake,
kiasi cha kikombe cha kahawa.
"Tundu la tatu," akasema.
Nikamwambia nitaliziba kesho.
"Halina haraka," akasema. "Vuta."