Miguu Minane

Jumanne usiku stima ilipotea Umoja,
na skrini ilikuwa imeniomba jambo moja tu:
Usizime. Usichomoe.
Betri yangu ilikufa mwaka jana; naishi kwa waya.
Asilimia sitini na mbili, halafu giza,
halafu jirani wa juu akacheka, sijui kwa nini.

Asubuhi nikabonyeza. Feni ikavuta pumzi, ikaacha.
Ikavuta tena, ikaacha.
Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, kimya.
Nafundisha ushairi, kuhesabu mizani ndiyo kazi yangu,
nikahesabu: mrefu, mfupi, mfupi.
Bahari hii siijui.

Luthuli, ghorofa ya pili, juu ya duka la spika
linalogombana na duka jingine la spika.
Onsarigo hakuniuliza jina.
"Ulikuwa unafanya nini ilipozima?"
Nikajitetea kama mwanafunzi aliyechelewa:
iliomba yenyewe, ikasema ni muhimu,
nikabonyeza Ndiyo ili iache kuniuliza.
"Kipakatalishi changu," nikasema.
"Mashine," akasema, akailaza kifudifudi,
skrubu kumi na moja juu ya sumaku,
kila moja upande ilikotoka.

Alianza na vya bei rahisi.
Akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaisugua meno kwa raba,
raba yangu, ya mkobani. Akairudisha.
Mrefu, mfupi, mfupi.
Betri iliyokufa akaitupa ndooni bila ibada.
Mita ikasema volti kumi na tisa zinaingia.
"Bodi haijaungua. Ni akili tu,
imekatwa katikati ya sentensi."
Hiyo niliipenda. Sikumwambia.

"Na kazi zangu?"
Wanafunzi hamsini na watatu wa kidato cha tatu,
na Nekesa, niliyempa sita kwa insha yake,
nikairudia usiku, nikampa tisa.
Akanyoosha kidole kwa diski iliyolala peke yake mezani.
"Ziko hapa. Hazina habari kama kuna msiba."

Kisha hadubini, na chini yake hicho kidude cheusi.
Nilipokihesabu, midomo ikaanza yenyewe:

    Ina miguu minane,
    mwili wa punje, si nene,
    kishikio kiibane,
    bodi isomwe, inene.

"Unaomba, mwalimu?"
"Natunga."
"Tunga polepole, mkono wangu usitikisike."

Programu ya kuazima ilitoka kibanda cha Mutheu,
kwa mashine ya aina ileile, kioo kimepasuka, moyo mzima.
Aliileta kwapani kama kuku.
Onsarigo akanakili, akaandika upya.
Ilipofika sitini na mbili nikashika meza.
Sitini na tatu.

Ikawaka bila mlio, na maneno meupe:
Hakuna kifaa cha kuwashia.
Tumbo langu likashuka hadi kwenye duka la spika.
"Imeamka," akasema. "Haikumbuki mlango tu."
Akapindua mpangilio, diski ikatangulia.

Lakini iliamka na jina la yule wa Mutheu,
namba zake zote, na tarehe moja Januari
ya mwaka ambao sikuwa hata nimeajiriwa.
Tukasoma kibandiko cha chini kwa tochi ya simu:
herufi tatu zimefutwa na mapaja yangu.
"Weka nini hapa?"
Tukajaribu B, tukajaribu nane.
Mwishowe tukaacha pengo.
Tarehe niliiandika mwenyewe.

Nikafungua alama. Hamsini na watatu, wote wapo.
Nekesa ana sita.
Ile tisa sikuwa nimeihifadhi.
Nikaiandika tena palepale, nimesimama,
nikahifadhi, nikahifadhi tena,
Onsarigo akiningoja na bei yake mdomoni.