Boya la Kandambili

Jumapili sishiki spana.
Nimeiacha ofisini, kwenye droo, juu ya daftari la wadaiwa,
nikapanda pikipiki ya Mihambo hadi bwawani Igombe,
mfukoni nailoni, ndoano tatu,
na boya nililolichonga kwenye kandambili iliyokatika.

Juu ya tuta vijana wa mjini wamekwisha kufika.
Spika yao ndogo ina makelele kuliko umbo lake.
Wanapigana picha, migongo wameyapa maji.
Msichana mmoja kavua viatu, kakanyaga ukingoni, kapiga ukelele,
kisha kakanyaga tena, makusudi.
Na mnandi juu ya kisiki katanua mabawa
kama mtu anayeanika koti lake la pekee.

Mimi huenda mbali nao, upande wa matete,
ambako miti iliyozamishwa zamani
bado imesimama wima, haijaambiwa kwamba imekufa.
Perege hupenda kivuli chake.
Hapo nikamkuta mama, na mwanawe, na ndoo tupu ya rangi.

Nilimjua kabla hajageuka.
Kanyenye, nyumba ya mlango wa bluu,
miezi mitatu, elfu arobaini na mbili na mia sita.
Nilimfungia maji Jumanne.
Alisimama akinitazama nikikaza nati, hakunitukana.
Laiti angenitukana.

Nikashusha kofia. Nikatupa ndoano.
Boya likakaa juu ya maji, jekundu, halina habari.

Kuna kimya cha wavuvi, na kuna kimya cha deni.
Kwa mbali vinafanana.

Mtoto ndiye aliyekivunja.
"Mjomba, chambo chako kimelowa mno,"
akaniletea nyungunyungu watatu kiganjani,
wamejiviringisha na udongo mweusi.
Sizya, jina lake. Ana pengo la meno mawili
na hunena kama mwalimu wa zamu:
perege huonja, kambare humeza;
ukivuta upesi, perege anakucheka,
ukichelewa, kambare amekula mpaka fundo.

Nikavuta upesi.
Nikavuta upesi tena.

Mama akacheka, macho yake kwenye uzi wake.
"Mkono huo umezoea kukaza," akasema.
"Samaki hakazwi. Legeza."

Masikio yakanichoma chini ya kofia.
Nikalegeza.
Boya likazama polepole, kama mtu anayekubali,
nailoni ikaenda, ikaenda, ikanikata kidole,
na kambare akatoka na matope yake na masharubu yake,
mrefu kama mkono wangu, ana hasira za mwenye nyumba.
Akachomoka kwenye ndoano. Akajirusha majanini.
Tukamkimbiza watu watatu, tukateleza watu watatu,
Sizya akamlalia kwa tumbo, akapaza sauti: "Ninaye! Ninaye!"
na vijana kule tutani wakazima spika kututazama.

Hatukusema la mita. Hatukusema la Jumanne.
Tulimpasua kambare juu ya jiwe, kwa kisu chake,
kichwa kikaenda kwake, kwa mchuzi, mkia kwangu,
na kipande cha katikati tukakisukumana
hadi Sizya akakitia ndooni, mjadala ukaisha.

Jua lilipoinama, mama alijaza madumu mawili,
akayafunga kwa mpira nyuma ya baiskeli,
akaujaribu mzigo kwa goti.
"Ndiyo yale yale uliyonifungia," akasema, bila ukali.
"Nimeyafuata kwao."

Mtoto akaniomba boya. Nikampa.

Nikarudi nyuma ya Mihambo, vumbi mdomoni, bila neno.
Nyumbani nikafungua bomba ninawe harufu ya kambare.
Maji yakaja, meupe, yanapiga chafya kwanza, kisha yakatulia.
Niliyatazama yakipita kati ya vidole
muda mrefu kuliko harufu ilivyohitaji.

Halafu nikayafunga
kwa vidole viwili tu,
bila kukaza.